Magunia Manne ya Makambi

Suneka,
Jumapili, 6 Agosti 2023

Kwako dada yangu Nyanchoka,

Salamu nyingi kutoka huku Suneka. Mimi ni mzima, Nyakundi ni mzima ila ule mgongo wake wa kila siku, na natumaini wewe pia unalala na kuamka salama. Masikio je? Daktari wa Nyamira alikupa dawa ya kutia. Umetia, au umeiweka kabatini ikuonee huruma? Ningekupigia simu lakini najua yatakayotokea: nitapiga kelele mpaka majirani wote wajue mambo yetu, na wewe utanijibu jambo ambalo sikuuliza. Basi ni barua. Ekegusii ni ya kusema, lakini kuandika tulifundishwa kwa Kiswahili na mwalimu mwenye fimbo, na mpaka leo nikishika kalamu ndicho kinachokuja.

Sasa keti. Umeketi? Dada, nimechaguliwa kuwa mpishi mkuu wa makambi! Mimi! Mkutano wa kanisa wiki nzima, watu zaidi ya mia tatu, na masufuria yote chini ya mkono wangu. Miaka kumi na tisa nimeolewa hapa, na miaka yote kumi na tisa nimekuwa "yule mke wa Nyakundi ambaye hakuzaa". Kukiwa na harusi napewa vitunguu nikatekate nyuma ya nyumba. Mwaka huu akina mama walisimama wakasema Mokeira ndiye mwenye mkono safi. Nililia mbele za watu na sikuona haya.

Lakini kuna jambo. Masomo ya afya mwaka huu ni juu ya chakula. Mwalimu alitueleza jinsi mboga zinavyopigwa dawa leo zikavunwa kesho, jinsi udongo unavyochoka na nyuki wanavyohama. Tukaweka nadhiri, sisi wanawake: jani lililoguswa na dawa halitaingia sufuria yetu makambi haya. Kisha kila mtu akaangalia chini, maana nani ana mboga kama hizo za kulisha watu mia tatu? Nikasimama nikasema dada yangu anazo. Kule Nyaramba ana shamba la nyumbani ambalo halijaonja dawa tangu siku za mama yetu.

Usiniaibishe. Nataka magunia manne ya managu na chinsaga, zile mboga zetu za kienyeji, yafike Ijumaa tarehe kumi na nane kabla jua halijazama, maana chakula cha Sabato tunakipika Ijumaa. Ogari akishuka na pikapu yake kwenda sokoni Daraja Mbili anaweza kusogea hadi Suneka anishushie.

Lavender anakusalimu. Yule binti wa Mong'ina, mke wa shemeji yangu. Ulimwona mwaka jana akiwa hana meno ya mbele, sasa ana miaka saba na meno yamerudi makubwa kuliko mdomo. Mamake anashona nguo mjini siku nzima, kwa hivyo akitoka shule saa kumi huja moja kwa moja kwangu. "Mama mkubwa, leo ni nini?" Hataki nyama, hataki mayai, ni managu tu, managu na maziwa. Namwambia ipo siku ataota pembe.

Nijibu haraka.

Mdogo wako akupendaye,
Mokeira


Nyaramba,
Alhamisi, 10 Agosti 2023

Kwako mdogo wangu, Mheshimiwa wa Masufuria,

Barua nimeipata, Ogari ameileta pamoja na sukari uliyotuma, asante. Mimi ni mzima, ng'ombe ni mzima, na dawa ya masikio natia, usinigombeze. Sikio la kulia limekataa kabisa, limekufa. La kushoto linasikia radi, na jogoo akiwa karibu.

Nilisoma habari zako nikiwa kwenye majani chai, nikacheka peke yangu mpaka wachumaji wenzangu wakadhani nimepata mchumba. Mbuya mono, vizuri sana, mdogo wangu! Mama angekuwa hai angefunga kitambaa kipya akazunguka Nyaramba nzima kuwaambia watu, hata wale ambao hawakuuliza. Mimi nimemwambia kila mtu kwa niaba yake.

Mboga utapata. Unajua ninavyolima. Shamba la chini, kando ya kijito, ni letu wenyewe: samadi, majivu, na pilipili iliyopondwa kwa wadudu, basi. Shamba la juu kando ya barabara ni la soko. Hilo napiga dawa kama kila mtu hapa, maana mnunuzi akiona tundu moja kwenye jani anageuza uso. Wanataka jani ambalo mdudu amelikataa, nami nawapa. Sisi hatuli ya shamba la juu, hata kuku siwaruhusu kupita huko. Katika wateja wangu wote anayeuliza ni mmoja tu, yule mama Prabha, mamake Jitendra mwenye duka la pembejeo pale Kisii. Mwanawe ananiuzia dawa, naye mama anachungulia nyuma ya kaunta: "Mama Nyaramba, leo umeniletea ya shamba lipi?" Namwambia ya chini, tunacheka wote wawili. Yeye anauza na hali, mimi nalima na sili.

Shamba la chini limejaa hata kijito hakionekani. Nitavuna Ijumaa asubuhi na zitakufikia jua likiwa juu. Wewe tafuta chumvi tu.

Mwambie Lavender ndama wangu ana jina lake.

Dada yako,
Nyanchoka


Nyaramba,
Ijumaa, 18 Agosti 2023

Mokeira,

Hujambo? Sijambo. Naandika kwa haraka, Ogari anapiga honi, hata mimi naisikia. Magunia manne ndiyo hayo. Jumanne mvua ya mawe ilipita hapa, lakini Mungu ni mwema, mboga zimepatikana. Zioshe vizuri. Zioshe mara mbili, hata tatu, kwa sababu ya matope.

Sabato njema.

Dada yako,
Nyanchoka


Suneka,
Jumapili, 27 Agosti 2023

Dada,

Salamu katika jina la Bwana. Kama mimi ni mzima sijui. Natumaini wewe ni mzima.

Nilidhani utakuja. Alhamisi tulipomzika Lavender niliangalia barabara mpaka wanaume wakamaliza kurudishia udongo. Ogari alisema alikupa habari Jumatatu, na kwamba uliketi chini pale pale kando ya barabara. Kisha hukuja.

Nitakueleza mwenyewe, maana ya watu ni mengi. Ijumaa jioni tulipika katika sufuria za kukodi, mboga kwa maziwa, na maharagwe kando. Kwa sababu ya ile nadhiri sikutaka mkono mwingine. Mimi ndiye niliyeosha, mimi ndiye niliyetia chumvi, na nilionja kwa ncha ya ulimi tu. Sabato mchana tukapasha moto, tukapakua. Lavender alikuwa wa kwanza kwenye mstari, nikamjazia bakuli. Akarudi mara ya pili, nikamjazia tena. Watu waliniambia, Mokeira, mboga gani hizi, tamu namna hii? Nikajivuna. Zamu yangu ya kula ilipofika sufuria zilikuwa zimeisha, na mpishi hadai.

Somo la alasiri halikuanza. Walitoka mmoja mmoja, wakishika miti. Jasho, mate yanachuruzika kama ya ng'ombe mgonjwa, kutapika, mikono inatetemeka. Watu arobaini na mmoja. Lavender alinishika gauni akaniambia, "Mama mkubwa, sioni vizuri." Tukawapeleka hospitali kwa gari lolote lililopita. Arobaini wamerudi nyumbani. Yeye alituacha Jumapili kukipambazuka.

Daktari anasema ni sumu. Sumu gani? Mabaki ya kwenye sahani yalimwagwa shimoni na wanawake walioingiwa na hofu, na sufuria nilikuwa nimeshazisugua zikang'aa. Hakuna hata kijiko kilichobaki cha kupimwa.

Dada, nakuuliza neno moja. Magunia yote manne yalitoka shamba la chini? Niambie ndiyo au la. Kama ni la, sitakulaani, sisi ni wa tumbo moja. Nitajua tu. Wazee watanikalisha chini waniulize, nami sijui nitawaambia nini.

Mdogo wako,
Mokeira


Nyaramba,
Jumatano, 30 Agosti 2023

Mdogo wangu Mokeira,

Pole. Pole tena. Mimi kwa mwili ni mzima. Mguu ulinivimba, ndiyo sababu sikuja mazishini, usifikiri vibaya.

Umeniuliza, nakujibu. Mboga zote zilitoka shamba la chini. Magunia yote manne. Waambie hivyo. Na usiniulize tena, maana swali hilo linanichoma. Je, maharagwe yalitoka wapi? Maziwa je? Zile sufuria za kukodi zilipikiwa nini kabla yenu? Waulize hao.

Huku mvua ni nyingi. Kuku wangu watatu wamekufa, sijui ni kideri. Majani chai yanaendelea vizuri.

Usikae peke yako nyumbani. Na ule, hata kidogo.

Dada yako,
Nyanchoka


Suneka,
Jumanne, 12 Septemba 2023

Kwako dada Nyanchoka,

Salamu. Mguu umepona? Mimi naamka, nafagia, nalala.

Jibu lako nililipokea kwa mikono miwili. Nilikuwa nimeanza kukushuku, nisamehe. Juzi wazee wa kanisa na wazee wa ukoo waliketi pamoja, nikaitwa. Na ujue kitu kimoja: mpaka siku hiyo Mong'ina, aliyefiwa, ndiye aliyekuwa akinitetea. Alikuwa akiwaambia, "Mwacheni mama mkubwa wa mtoto wangu, ni dawa za mboga hizo, yameshatokea kwingine." Watu wengi walikuwa wameanza kumkubali. Lakini mimi nilikuwa na neno lako. Nikashika Biblia, nikaapa mbele yao wote kwamba mboga zile ni safi, ni za shamba la mama yetu, na anayezishuku amshuku mama yangu kaburini.

Mong'ina aliniangalia. Kisha akashusha mikono yake.

Mzee mmoja akasema polepole, kama mtu anayehesabu kuni: "Kama si mboga, na maharagwe yaliliwa na watu ambao hawakuugua, basi ni nini? Chumvi alitia yeye. Kuonja alionja yeye. Hakuruhusu mkono mwingine. Na yeye mwenyewe hakula." Hakumaliza. Aliyemaliza ni mwanamke mmoja nyuma yangu, kwa sauti ya chini: "Na hana mtoto." Neno la mwisho unalijua, dada, sitaliandika. Ni lile la wanaoroga, linaanza kwa omo.

Tangu hapo watoto hawapiti njia ya kwangu, wanazunguka kwa shamba la miwa. Nyakundi anachemsha mayai yake mwenyewe. Ananunua mayai tu. Namwona anavyokagua ganda kama lina ufa.

Sasa nikuambie jambo ambalo siwezi kumwambia mtu. Lavender anakuja. Si usiku, wala si ndotoni. Saa kumi mchana, jua likiwa kali, wakati wa kutoka shule. Anaketi kwenye kile kigoda chake, na sare yake, anaangalia meko. Hasemi. Siku za kwanza nilikimbia nje. Sasa nampakulia. Naweka bakuli mbele yake, nakaa naye. Naogopa, Nyanchoka. Naogopa na bado nafika saa tisa nikiwa nimeshaanza kupika.

Na jambo lingine. Ile Ijumaa, nikiwa nachambua mboga, Mong'ina alikuja kumchukua Lavender akamtia mgongoni, na mimi nikasema moyoni, kwa nini si wangu? Nilisema hivyo, kweli, nikiwa nimeshika majani yale mkononi. Je, moyo unaweza kuua mtu mkono usijue? Wewe ni mkubwa, niambie.

Mdogo wako,
Mokeira


Nyaramba,
Jumapili, 24 Septemba 2023

Mdogo wangu,

Salamu. Nimekutumia ndizi mkungu mmoja na unga wa wimbi.

Moyo hauui mtu. Acha hayo. Wivu ni wa kila mwanamke, hata mama yetu alikuwa nao na hakuna aliyekufa.

Na mimi silali vizuri. Nitakuambia, lakini usimwambie mtu. Lile sikio la kulia lililokufa limeanza kusikia. Radi halisikii, ng'ombe halisikii, lakini nikipita shamba la juu nasikia mtoto akikohoa. Karibu kabisa, hapa begani. Jumatatu nimeng'oa mboga zote za shamba la juu, mpaka shina la mwisho. Nimechimba shimo nimezifukia. Nikarudi jioni kuchukua jembe, bado anakohoa.

Nyuki wamehama ule mzinga wa baba. Sijui wameenda wapi.

Mokeira, kama mambo ni mabaya huko, rudi nyumbani Nyaramba. Tutakaa pamoja. Tutakula ya shamba la chini na hatutauzia mtu.

Dada yako,
Nyanchoka


Suneka,
Jumapili, 22 Oktoba 2023

Dada,

Salamu. Ndizi na unga nimemwambia Ogari akurudishie, usikasirike. Hapa hakuna wa kuzila, na mimi mwenyewe chakula hakishuki.

Unaniita nije Nyaramba. Nikiondoka watasema amekimbia, na anayekimbia anajulikana alikotoka na anakoenda. Watakufuata mpaka huko.

Jana nilitoka kanisani nikakuta nyasi kavu zimepangwa mlangoni pangu, vizuri kabisa, kama za kuwashia meko. Hakuna aliyeniambia ni za nini, na sikuuliza. Tumezaliwa Gusii, tumeona moshi wa nyumba za wanawake wazee tukiwa watoto, na tulikatazwa kuangalia.

Jumapili ijayo, tarehe ishirini na tisa, ukoo utakutana hapa uani. Wanataka nikiri. Wanasema nikikiri labda nitafukuzwa tu. Dada, nafikiri nitakiri. Nimechoka kukana. Kila siku saa kumi namwuliza yule mtoto, ni mimi? Naye ananiangalia. Siku hizi anapoondoka nakuwa na hakika kwamba ni mimi, na karibu napumzika. Mtu akisema ndiyo mara moja tu, si yanaisha?

Nimekuandikia kukuaga, kama itakuwa ni kuagana.

Mdogo wako,
Mokeira


Nyaramba,
Jumatano, 25 Oktoba 2023

Mokeira, mtoto wa mama yangu,

Usikiri. Nasema usikiri. Ni mimi.

Barua hii naibeba mwenyewe. Ninakuja Jumapili na pikapu ya Ogari, lakini nimeiandika leo kwa sababu najijua: mbele ya watu mdomo wangu utatafuta kona. Nikianza kuzunguka, mpe Mong'ina aisome kwa sauti. Iwe ni yeye.

Jumanne ile, tarehe kumi na tano, mvua ya mawe ilipiga shamba la chini. Majani yalibaki nyuzi. Shamba la juu halikuguswa, mvua ya mawe unaijua inavyochagua njia. Jumatano wadudu wakaanza kulishambulia, nikapiga dawa. Jitendra aliponiuzia alinionyesha kwa vidole vyake: kifuniko kimoja kwa bomba moja la mgongoni lililojaa maji, na mboga isiguswe kwa wiki mbili. Nikatia vifuniko vitatu. Siku zote natia vitatu, maana zilikuwa za soko, na watu wa soko sikuwahi kuwaona wakila.

Alhamisi nikashuka shamba la chini na magunia yako. Nilichuma kutwa nzima, nikajaza mawili. Mawili tu. Na nilikuwa nimemwambia Nyaramba nzima kwamba mdogo wangu ni mpishi mkuu na mboga ni zangu. Ningekuambia nimepungukiwa, ungefanya nini? Ungenunua kabichi na kulia kidogo. Basi. Hayo ndiyo yangekuwa madhara yote.

Ijumaa asubuhi nikapanda shamba la juu. Siku mbili baada ya dawa. Nilijiambia ningengoja hata Jumamosi ingekuwa afadhali, lakini Jumamosi ni Sabato, na mimi tangu nibatizwe sijawahi kuvuna siku ya Sabato. Niliogopa hilo, Mokeira. Niliogopa kuvunja Sabato. Siku kumi na nne za dawa nilizivunja bila hata kutetemeka, na jua la Ijumaa nikawa nalikimbiza nisije nikamkosea Mungu.

Nikaziosha kijitoni mara mbili. Nikaona viluwiluwi wa vyura wanaelea juu ya maji, wamegeuka matumbo. Niliona. Nikafunga magunia. Kuku watatu niliokuambia ni kideri, walikula majani niliyoangusha hapo kando.

Ulipouliza ndiyo au la, nilikuwa nimeshika kalamu tangu asubuhi. Nilifikiri nikisema zote ni safi utatulia moyo, na watu watasahau. Sikujua ninakufungia mlango wa pekee uliokuwa wazi. Ulipoandika kwamba uliapa kwa neno langu na kwa kaburi la mama, nilijua, na bado nikakuandikia habari za nyuki. Mwezi mzima nilijua.

Wazee wa ukoo wa Nyakundi, Mokeira hana hatia. Mkono wake ni safi kama mlivyosema. Mong'ina, mtoto wako nimemuua mimi, Nyanchoka, kwa mboga ambazo nisingewapa kuku wangu. Fanyeni na mimi mnavyoona. Kwa chifu nitaenda kwa miguu yangu.

Dada yako, kama bado unaniita hivyo,
Nyanchoka


Suneka,
Jumapili, 19 Novemba 2023

Nyanchoka,

Barua zako tatu nimezipata. Katika zote unauliza mambo mawili: Mong'ina alikuambia nini siku ile, na kama nimekusamehe.

Ulipofika uani ulianza na mvua ya mawe. Ukaeleza ukubwa wa mawe, ukaeleza paa la jirani yako. Ulikuwa unazunguka kama ulivyosema utazunguka. Ndipo Mong'ina akaichukua barua mkononi mwangu akaisoma yote, polepole, na wewe ukawa unaangalia midomo yake. Alipomaliza alikukaribia akakuuliza kitu. Hukusikia. Uligeuka ukaniangalia mimi nikurudilie maneno yake, kama ninavyofanya siku zote, nami nikaangalia pembeni. Hilo nilifanya makusudi. Alikuuliza, "Na angekuwa wako, ungempa?" Hilo tu. Sasa umelijua, likae na wewe.

Baada ya chifu kuitwa nawe ukaondoka naye, Mong'ina aliketi karibu yangu mpaka jua likazama. Anasema amekusamehe, kwa sababu asipokusamehe hatashika sindano tena, na kazi yake ni sindano. Hayo ni yake.

Mimi nyasi zimeondolewa mlangoni. Yule mzee wa kuhesabu kuni amekuja na sukari. Watoto wanapita njia ya kwangu. Nyakundi amerudi kula chakula changu, na mara ya kwanza alipomeza alilia, nikamwacha alie. Wanawake wa kanisa wanataka nishike sufuria tena mwakani. Nimekataa, lakini nimewafundisha kuuliza kila anayeuza mboga: wewe nyumbani kwako unakula hizi? Wanaowauzia wanakasirika sana. Baadhi wananyamaza.

Uliniokoa na moto, nakiri. Kama ungechelewa wiki moja ningesema mimi ni mchawi, na ningeamini. Asante kwa hilo.

Lakini nikuambie jambo, kisha usiniandikie kwa muda. Tangu Jumapili ile Lavender hajaja. Saa kumi inafika, inapita. Siku nane nilimngoja nikiwa nimepika, siku ya tisa nikaacha. Waliponiita mchawi nilikuwa naye kila siku, saa nzima, mimi na yeye. Uliposema ukweli, alienda. Nilikuwa na shughuli nyingi za kuogopa hata sikupata nafasi ya kufiwa. Sasa ndiyo amekufa, Nyanchoka. Amekufa juzi juzi tu, na niache nimlilie kwanza.

Mokeira